Bangili za Mama na Barua ya Kiwanja

Tangu tuhamie Isiolo kutoka pwani, sisi mume na mke, nyumba yetu imekuwa kituo cha kila jamaa apitaye njia ya kaskazini. Hatukushangaa basi alipobisha hodi binti ya dada yetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Mombasa. Kilichotushangaza ni mzigo aliokuja nao: nguo zake zote, na kitabu hata kimoja hakuna.

"Mama mdogo, baba mdogo, nimekuja kuomba radhi zenu na dua," alisema baada ya chakula cha usiku. Alikuwa ameazimia kuacha masomo aingie katika biashara ya viwanja. Dalali mmoja alikuwa amempelekea kwa simu picha za kiwanja cha futi 50 kwa 100, karibu na uwanja wa ndege wa Isiolo. Angekinunua, akiuze kwa faida, kisha anunue viwili. Arubuni ingetoka katika karo ya muhula. Zilizosalia zingetokana na bangili za dhahabu za mama yake, mjane asiye na akiba nyingine.

Hatukumcheka. Isiolo imewatia tamaa hata watu wazima wenye shahada zao. Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa kule Lamu, wa kuiunganisha bandari mpya na Sudan Kusini na Ethiopia, na mji wetu ukachorwa kwenye ramani kuwa njia panda ya barabara, reli na bomba la mafuta, pamoja na jiji la kitalii. Barabara ya lami ya kwenda Moyale tunayo, na uwanja wa ndege ulifunguliwa rasmi 2017. Reli hatujaiona, na jiji la kitalii limebaki katika michoro. Lakini bei ya kiwanja haingoji reli. Hupanda kwa uvumi tu.

Asubuhi tulifuatana naye kwenda kukitazama. Tulikuta mawe mawili ya mpaka badala ya manne. Mzee wa jirani, aliyekuwa akichunga mbuzi wake hapo, alituambia kwa upole kwamba tulikuwa watu wa nne kuonyeshwa ardhi ile. Dalali, tulipompigia simu, alisema hatimiliki "iko njiani". Kwa sasa ipo barua ya ugawaji, yenye mhuri.

Hapo ndipo penye mtego, na wanawake wengi wa pwani wamewahi kuuingia. Septemba 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliamua kwamba barua ya ugawaji haimpi mtu haki juu ya ardhi. Ni pendekezo linalongoja masharti yatimizwe. Aprili ya mwaka huo huo, katika kesi ya Dina Management iliyohusu kiwanja cha ufukweni Nyali, mahakama hiyo ilikataa kuilinda hata hatimiliki, kwa kuwa asili yake ilikuwa ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha utaratibu. Tena sehemu kubwa ya kaunti hii ni ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaizuia serikali ya kaunti kuiuza ile isiyosajiliwa, inayoishika kwa amana.

Binti alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: "Basi nisinunue, niwe dalali tu?" Tulimweleza kwamba sheria ya mawakala wa ardhi, Sura ya 533, inamtaka afanyaye kazi hiyo asajiliwe na bodi, na bodi hutazama elimu na ujuzi. Chuo alichotaka kukikimbia kilikuwa sehemu ya njia ya kuifikia biashara yenyewe. Na Mtume (S.A.W.) alimkataza sahaba Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Leo wangapi huuza viwanja vilivyomo ndani ya simu?

Hatusemi kwamba chuo ni faradhi kwa kila kijana. Wapo walioacha wakafanikiwa, nasi tunawafahamu. Lakini yule aliye na mtaji wake, akapoteza, amepoteza chake. Dhahabu ya mama ni mali yake mwenyewe kwa sharia, wala mwana hana haki ya kumbana kwa machozi aiuze. Hilo tulimwambia kwa ukali kidogo, pengine kupita kiasi. Mume wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

Alikaa kwetu siku sita. Alisali istikhara, akaongea na mama yake kwa simu usiku mrefu mlango ukiwa umefungwa, na siku ya saba akapanda basi la Nairobi kuunganisha la Mombasa. Mtihani mmoja ulikwisha kumpita, itambidi aurudie.

Dalali alipiga simu mara mbili, akisema kuna mteja mwingine. Juzi binti ametuandikia akiuliza kama kuna mpima ardhi hapa Isiolo atakayekubali kumchukua likizo ndefu, hata kama kazi ni kushika utepe. Tumeulizia wawili. Mmoja amesema aje na viatu vizuri vya kutembelea.