Seli Inayotupa Rangi

Je, wajua kwamba mwanamke mweusi tii wa Juba na mvuvi mweupe wa Norwei wana idadi inayokaribiana ya seli za rangi? Wanachotofautiana ni kazi ya seli hizo. Za yule wa Juba hutengeneza rangi nyingi na kuifunga katika vifuko vikubwa. Za mvuvi hutoa vifuko vidogo vinavyovunjika mapema. Hata mtu mwenye ualbino anazo. Zimo mahali pake, ila hitilafu ya jeni imezizuia kutengeneza rangi.

Seli hii huitwa melanosaiti. Hukaa chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi, na mikono yake mirefu myembamba hupenya katikati ya seli jirani. Moja huhudumia majirani wapatao 30 hadi 40, ikiwagawia vifuko vya rangi iitwayo melanini. Jirani akishapokea, huitandaza juu ya kiini chake kama mwavuli, ili mionzi ya jua isiziharibu jeni zilizomo. Asili ya seli hii inastaajabisha zaidi: mimba ikiwa changa, melanosaiti huanzia kando ya uti wa mgongo mchanga, palepale zinapotoka seli nyingi za neva, kisha husafiri hadi kwenye ngozi. Nyingine huishia machoni na ndani ya sikio.

Kazi ya kutengeneza melanini hutegemea kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Kikidhoofika, rangi hupungua. Fangasi mdogo aitwaye Malassezia, ambaye wengi wetu tunaishi naye ngozini bila habari, hukidhoofisha kwa kemikali anazotoa. Joto na jasho la Tanga au Mombasa likizidi, fangasi huyo huongezeka, na madoa yaliyopauka, yenye ungaunga, hujitokeza shingoni, kifuani na mgongoni. Dawa ya kupaka humwua kwa wiki chache, lakini rangi huchukua miezi kurudi. Hapo ndipo wengi huona dawa imeshindwa, wakahamia kwenye mkorogo wa kujichubua. Nawasihi wasifanye hivyo. Haidrokwinoni iliyomo katika baadhi ya krimu za kujichubua hukizuia kimeng'enya kilekile, na ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mashavu yenye weusi wa kibuluu usiotoka. Zebaki, iliyomo katika krimu nyingine, huharibu figo.

Muwasho hutukimbiza haraka dukani kutafuta dawa. Baka linalonitia hofu mimi ni lile lisilowasha wala kuuma.

Ukoma mara nyingi huanza hivyo. Baka huwa limepauka au lina wekundu, ni kavu, halitoi jasho, na vinyweleo vyake hupukutika. Haliumi kwa sababu bakteria wa ukoma, aliyegunduliwa na daktari Mnorwei Gerhard Armauer Hansen mwaka 1873, huishambulia mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Huzaliana polepole mno. Dalili huweza kuchukua miaka 5, hata 20, kuonekana. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mhudumu wa afya humwomba mgonjwa afumbe macho, hugusa baka kwa unyuzi wa pamba, na mgonjwa huonyesha kwa kidole alipoguswa. Asipohisi kitu ndani ya baka, ukoma ndio wa kudhaniwa kwanza. Tangu mwaka 1995 dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, na matibabu huwa ya miezi 6 au 12. Anayeanza mapema hubaki na vidole vyake na macho yake. Anayejificha huungua jikoni bila kujua, hukanyaga msumari asiusikie, na majeraha hayo ndiyo yanayomla viungo. Inaniuma kwamba aibu bado inawaficha watu ambao dawa yao ipo zahanati.

Aibu hiyohiyo huwaangukia watu wasio na ukoma kabisa. Katika vitiligo, ambayo wengine huiita mbalanga, kinga ya mwili huigeukia melanosaiti na kuiua. Baka huwa jeupe pe, mpaka wake huonekana wazi, na mtu huhisi mguso kama kawaida. Haiambukizi kwa kushikana mikono, kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. Michael Jackson alieleza hadharani mwaka 1993 kwamba anayo, na uchunguzi wa maiti yake mwaka 2009 ulithibitisha. Mwenye vitiligo ni vema apimwe pia tezi ya shingoni, maana kinga iliyopotoka hivyo wakati mwingine huishambulia nayo.

Rangi huweza kuzidi vilevile. Mwaka 1855, daktari Thomas Addison wa London alieleza habari za wagonjwa waliokuwa wakizidi weusi huku wakidhoofika. Tezi zilizo juu ya figo zao zilikuwa zimeharibika, mara nyingi kwa kifua kikuu. Mwili ukijaribu kuziamsha tezi hizo humwaga homoni ambayo huichochea pia melanosaiti. Kwetu sisi weusi, uso hautasema mengi. Tazama mistari ya viganja, ufizi na makovu mapya. Weusi huo ukifuatana na uchovu, kukonda, hamu kubwa ya chumvi na kizunguzungu unaposimama, nenda hospitali siku hiyohiyo. Weusi mzito wa shingoni na kwapani, ambao watu huusugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, ni jambo jingine: mara nyingi huambatana na insulini iliyozidi mwilini. Pima sukari.

Kisha kuna nyayo. Bob Marley aligunduliwa mwaka 1977 kuwa na saratani ya melanosaiti chini ya ukucha wa kidole cha mguu, naye alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Saratani hii ni adimu kwa watu weusi, ila ikitokea hupenda nyayo, viganja na kucha, na hugunduliwa ikiwa imechelewa. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida kwetu. Mstari mmoja kwenye ukucha mmoja, unaozidi kupanuka au kuvuka hadi kwenye ngozi ya pembeni, unahitaji daktari, sawa na doa la unyayo linalokua. Wataalamu wa ngozi ni wachache, lakini si lazima mgonjwa aanze kwa bingwa: kituo cha mafunzo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa magonjwa ya ngozi tangu miaka ya 1990.

Mabadiliko mengine ya rangi hayahusu melanosaiti, wala hayangoji miadi. Midomo na ulimi vikiwa vya buluu, mwili umekosa oksijeni. Weupe wa macho ukigeuka njano, ini au damu ina tatizo. Mtoto mchanga akiwa na umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zake zikiwa njano wakati wowote, apelekwe hospitali hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu bilirubini ikizidi huharibu ubongo.