Roboti Aliyefia Sinemani: Wahakiki Walisema Kweli, Lakini Nusu

Huenda jina la Transformers umepata kulisoma kwenye mkoba wa shule wa mwanao, au juu ya fulana iliyotundikwa mbele ya duka, bila kujua kwamba nyuma yake kiko kisa cha msiba. Msiba huo ulitokea Marekani mwezi wa Agosti 1986, sinemani, mbele ya watoto waliokuwa wamekuja na wazazi wao kustarehe. Wahakiki wa magazeti nao walikuwamo ukumbini, wakaandika waliyoyaona. Waliyoyaandika yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote lililotukia humo liliwapita.

Yatupasa kuanza na sheria, kwani bila ya sheria kisa hiki hakieleweki. Mwaka 1969 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha katuni ya vigari vya kuchezea viitwavyo Hot Wheels. Malalamiko yakapelekwa kwa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo kwamba kipindi kizima kilikuwa tangazo la biashara lililovishwa joho la hadithi, na tangu hapo watengenezaji wa vichezeo wakawa na hadhari. Ulipoingia utawala wa Rais Reagan, mwenyekiti mpya wa Tume, Mark Fowler, alishikilia kwamba soko lenyewe ndilo mwamuzi. Mwaka 1984 mipaka ya matangazo katika vipindi vya watoto ikaondolewa. Mama mmoja, Peggy Charren, ambaye tangu 1968 alikuwa akiongoza chama cha kutetea watoto watazamaji, alipinga kwa nguvu zake zote; lakini sheria ya kumridhisha kidogo haikupatikana hadi mwaka 1990.

Mlango ulipofunguliwa, mabwana wa biashara hawakungoja kukaribishwa mara mbili. Kampuni ya Hasbro ilichukua roboti wa kuchezea waliobuniwa na kampuni ya Takara ya Japani, ikawapa majina mapya na tabia, ikawatengenezea katuni iliyoanza kuonyeshwa Septemba 1984. Kiongozi wa kundi la wema aliitwa Optimus Prime, roboti ageukaye kuwa lori jekundu. Sauti yake ilitolewa na mwigizaji wa Kanada, Peter Cullen, ambaye amepata kueleza kwamba aliiga upole na uthabiti wa kaka yake, askari aliyepigana Vietnam. Mwaka 1985 filamu ya dubu wadogo wa Care Bears, iliyotengenezwa na studio ya Nelvana ya Toronto, ilipata zaidi ya dola milioni 20 Marekani. Kuona hivyo, Hasbro ikaleta filamu mbili katika kiangazi cha 1986: ya farasi wa My Little Pony mwezi Juni, na ya Transformers mwezi Agosti.

Wahakiki hawakuwa na huruma. Walisema filamu ya roboti ni kelele tupu za muziki na mizinga. Kwamba mtu asiyeifuata katuni nyumbani hawezi kujua nani ni nani. Na zaidi ya yote, kwamba mzazi anatozwa kiingilio ili mwanawe aonyeshwe tangazo refu la duka. Hata waliomo ndani ya filamu hawakuipa heshima kubwa. Orson Welles, yule yule aliyeongoza Citizen Kane mwaka 1941, alitoa sauti ya jitu la sayari linalomeza sayari nyingine. Alimweleza mwandishi wa wasifu wake kwamba siku hiyo alikuwa ameigiza kitu cha kuchezea. Siku chache baada ya kurekodi sauti hiyo, Oktoba 1985, alifariki dunia.

Sasa sikiliza lililowapita. Kabla filamu haijafika nusu, Optimus Prime anajeruhiwa vitani, analazwa, anawaaga wenzake, na rangi zake nyekundu na buluu zinafifia hadi kuwa kijivu. Wenzake kadhaa walikuwa wameshauawa dakika chache kabla, bila hata ya maneno ya kwaheri. Kwa nini? Kwa sababu vichezeo vya mwaka 1984 vilikuwa vikiondolewa madukani, na vipya vilihitaji nafasi. Waandishi wa filamu wamekiri baadaye kwamba hawakujua kuwa wanamwua shujaa. Machoni pao walikuwa wakifuta bidhaa kwenye orodha.

Watoto walilia kwa sauti sinemani. Wengine ilibidi watolewe nje. Wazazi wakaandika barua za hasira kwa kampuni. Tazama ajabu hii: mwenye duka alidhani ameuza plastiki na chuma, na mhakiki alidhani ameona plastiki na chuma, lakini mtoto wa miaka saba alikuwa amempoteza mtu. Mhakiki aliijua hila ya mfanyabiashara vizuri kabisa. Asichokijua ni kwamba mtoto, hata akiuziwa kitu kwa hila, hukitia maisha yake mwenyewe, kama vile anavyoyatia ndani ya gari la waya alilojitengenezea uani.

Filamu zote mbili zilishindwa kibiashara. Kila moja ilipata chini ya dola milioni 6 nchini humo. Hasbro iliogopa. Katika filamu nyingine iliyokuwa ikitengenezwa, ya askari wa G.I. Joe, kiongozi aliyekuwa amepangiwa kufa akabadilishiwa hukumu: ikaongezwa sauti ya kusema kwamba amezimia tu. Na mapema mwaka 1987 Optimus Prime akafufuliwa katika katuni ya televisheni.

Ilipita zaidi ya miaka 25 kabla wahakiki hawajakutana na filamu ya aina hii wakaipenda kwa kauli karibu moja. Mwaka 2014 ilitoka The Lego Movie, iliyoongozwa na Phil Lord na Christopher Miller, juu ya vitofali vya Denmark. Hii nayo ni tangazo, nani atabisha? Lakini ilifanya jambo ambalo wale wa 1986 hawakulifikiria: ilimweka mtoto ndani ya kisa. Adui wa filamu anataka kuugandisha ulimwengu wote kwa gundi, kila kitofali kisisogee. Na mwishoni tunamwona baba mtu mzima, mwenye vichezeo vyake chini ya nyumba, akimkataza mwanawe kuvigusa. Ugomvi wenyewe ukawa huo: kitu ni cha nani, aliyekinunua au anayekichezea? Filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 400 duniani. Waamuzi wa Oscar hawakuiteua katika kundi la filamu za katuni, bali wimbo wake tu. Lord akajibu kwa kuonyesha sanamu ya tuzo hiyo iliyojengwa kwa vitofali. Uingereza ilimpa ya kwao, ya BAFTA.

Walioiga juu juu waliambulia patupu. Filamu ya wanasesere wa Kijerumani wa Playmobil ilifunguliwa Marekani Desemba 2019 katika kumbi zaidi ya 2,000, na siku tatu za kwanza zikaleta chini ya dola 700,000. Wahakiki waliiita kivuli cha Lego.

Na ile ya 1986? Waliolia wakiwa wadogo wamekuwa watu wazima, baadhi yao ndio wahakiki wa leo, na wanaiandika kwa heshima ambayo watangulizi wao wasingeielewa. Hasbro ilipoidhinisha filamu mpya ya roboti hao, iliyotoka mwaka 2007, wapenzi wake walidai sauti ile ile ya zamani, nao wakapewa Peter Cullen. Septemba 2018 filamu ya katuni ilirudishwa katika sinema za Marekani. Watu walikwenda na watoto wao, na wengi walijua barabara ni wakati gani wa kuwashika mkono.