Mwezi Mwandamo Chini ya Dashibodi

Nilipanda gari lile kwa sababu ya mvua ya barafu. Ilikuwa jioni ya Februari pale Silver Spring, Maryland. Basi lilikuwa limechelewa, na dada mmoja wa Mombasa ninayekutana naye kwenye harusi za watu wa nyumbani akapunguza mwendo, akanifungulia mlango. Land Cruiser ya mwaka 1996. Dar es Salaam tungeiita shangingi na kuipisha njiani. Huku ilikuwa gari zee tu lenye kutu kwenye kingo za milango.

Tulipoingia Beltway, ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, niliona mambo mawili. Dada alikuwa amejitandika leso mbili magotini, ilhali hita inanguruma. Na dirisha lake lilikuwa wazi kiasi cha vidole viwili, manyunyu ya barafu yakimpiga shavuni.

"Mbona hulifungi, dada?"

"Nikilifunga, gari lanuka moshi. Nikilifungua nashikwa na baridi. Nimechagua baridi."

Amechagua baridi kwa misimu miwili. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku, upande wa Virginia. Maana yake ni kwamba safari hiyo ya dirisha wazi huifanya akiwa na usingizi. Nilishuka, nikafika nyumbani, na jibu lake likakataa kuniacha. Ndilo lililonifanya nilipeleke gari lake kwa fundi.

Fundi ni mzee wa Tanga aliyejifunzia kazi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na sasa ana karakana ya milango miwili upande wa Bladensburg. Aliniomba nisiandike jina lake. Wateja alionao, anasema, wanamtosha, na wawili angependa wapungue.

Nilidhani ataanza kwa kufungua boneti. Badala yake alipiga magoti penye mlango wa dereva, akavua glavu, akaliwasha gari na kuweka kiganja juu ya pedeli ya breki. Akakaa hivyo, macho kayafumba, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akazima gari.

"Hapa panapumua," alisema. "Sasa mwanangu, vuta mlango wa karakana na uzime taa."

Alikuwa ametumbukiza taa ya kazi ndani ya boneti na kuishusha boneti juu yake. Karakana ikawa giza tupu. Akalala chali, kichwa kikiwa penye pedeli na miguu ikining'inia nje, kisha akasogea kidogo ili nami nichungulie.

Mwanzoni sikuona kitu. Macho yalipozoea, kukatokea juu kule, mahali shafti ya usukani inapopotelea kwenye bati, ukanda mwembamba wa nuru uliopinda. Haukuwa tundu wala ufa. Ulikuwa mwezi mwandamo kamili, wa kutangaziwa watu waanze mfungo. Mzee akaushika usukani akauzungusha kidogo, na mwezi ukanenepa upande mmoja. Akaurudisha, ukakonda. Akauzungusha tena, nadhani kwa raha yake tu, maana alikwisha jua anachotaka kujua. Tulilala pale, watu wazima wawili, tukitazama mwezi ukikua na kupungua kwa amri ya mkono wake.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Basi mwenye gari amekuwa akiuendesha mwezi huo miaka miwili, na hakuna aliyemwambia."

Kwa asiyewahi kulala chali mahali hapo: kati ya injini na miguu ya dereva kuna ukuta wa bati, na ukuta huo hauwezi kuwa mzima, kwa kuwa usukani uko ndani na boksi la usukani liko nje. Lazima shafti ipite. Penye tundu lake hukaa raba ya mviringo yenye mdomo laini, inayoikumbatia shafti bila kuikaba. Raba hiyo ikichoka, kelele, joto, maji na moshi vyote hupata njia. Wakati mwingine hulia tu, ule mlio wa kiatu kipya, kila unapokata kona.

Nilimuuliza kama Gerezani alikuwa akizibadilisha nyingi. Akacheka.

"Nyingi sana. Na sababu yake niliielewa nilipofika huku. Injini hii ya petroli, ile 4500, inatoa moshi upande wa kulia. Kwetu usukani uko kulia. Kwa hiyo shafti inashuka jirani na bomba la moto, raba inakaangwa. Huku usukani uko kushoto, upande wa baridi, unakoingia hewa. Raba ileile! Ya huku inakufa kwa uzee na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Ya kwetu inakufa kijana."

Na dawa yake huko ilikuwa nini? Tyubu ya baiskeli, akakiri bila kuona haya. Unakata pete, unapaka gundi, mteja anaondoka anacheka. "Lakini tyubu inaing'ang'ania shafti. Usukani unakuwa mzito kurudi. Na ukitia grisi ya kawaida ili ulainike, mafuta yanaivimbisha, inaoza. Miezi sita, mteja huyo tena. Sikusema ilikuwa kazi nzuri. Nimesema ilikuwa kazi."

Safari hii aliagiza raba ya kiwandani, na bei yake haikufika chakula cha mchana cha watu wawili. Kuifikia ndiko kulikomla siku nzima. Alitoa waya wa betri na kusubiri, kwani gari hili lina mifuko ya hewa. Akanyoosha magurudumu, akapitisha mkanda wa kiti katikati ya usukani na kuufunga, usije ukazunguka wenyewe: nyuma ya usukani kuna utepe mwembamba wa umeme uliojikunja, na shafti ikishaachiwa, mizunguko michache ya mzaha inatosha kuukata. Akachora mstari wa rangi nyeupe kwenye jointi na shafti, ili meno yarudi palepale yalipotoka. Bolti ya jointi alikuwa ameilowesha dawa ya kutu tangu jana yake. Hata hivyo iligoma. Sitaandika aliyoyasema.

Raba ya zamani ilipotoka niliomba niishike. Ilikuwa ngumu kama kisahani, na upande mmoja mdomo wake ulikuwa umeliwa wote. Mpya aliipaka grisi ya silikoni mdomoni, kidogo tu, kwa kidole.

Ila hakuridhika, na hapo ndipo nilipompenda. "Raba haitengenezi moshi," alisema, "raba inauruhusu." Akaenda upande wa pili wa injini, akanionesha masizi meusi penye gasketi ya manifoldi. Moshi ulikuwa unavujia pale, unajaa chini ya boneti, kisha unatafuta mwezi wake. Harufu aliyoilalamikia dada ilikuwa bahati. Kaboni monoksaidi inayosafiri pamoja na moshi huo haina harufu, na kwa dereva huanza kama kichwa kuuma na usingizi. Usingizi! Nilimfikiria muuguzi anayerudi alfajiri, kila siku akiulaumu uchovu wa zamu.

Je, ulikuwa uchovu? Mzee hakutaka kujibu. "Mimi si daktari," alisema, akaendelea kufunga nati.

Virginia hukagua usalama wa magari kila mwaka. Maryland hukagua gari lililotumika linapouzwa. Washington yenyewe iliacha kukagua usalama wa magari ya watu binafsi mwaka 2009. Nilimuuliza mzee ni mkaguzi gani kati ya hao hulala chali penye pedeli akazima taa. Alinitazama kwa huruma.

Jioni tulirudia giza. Taa ndani ya boneti, mlango umefungwa. Mwezi haukuandama. Aliuzungusha usukani huku na huku, na bado kukawa giza.

Dada alilichukua gari Jumamosi. Alizunguka mtaa mara mbili, madirisha yamefungwa, akarudi akasimama mbele ya karakana bila kuzima injini. Nilitarajia shukrani. Alikuwa amekunja uso.

"Mzee, sasa nasikia kitu chagonga nyuma. Ko, ko, ko. Hakikuwapo!"

"Kilikuwapo, mwanangu," alisema mzee, akiinama kuchukua tochi.