Je, Wajua? Boneti ya "kaboni" isiyo na kaboni

Ile boneti nyeusi yenye vimraba kama mkeka, unayoiona kwenye IST au Vitz mitaani Dodoma, mara nyingi haina hata uzi mmoja wa kaboni. Ni stika ya plastiki aina ya PVC, ileile ya mabomba ya maji. Kaboni halisi ni nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Mwaka 1981 McLaren waliitumia kuunda chasisi ya gari lao la mbio, MP4/1. Bei ya kaboni halisi tusiiguse.

Upande wa gundi, stika nzuri ina vijifereji vya kutolea hewa. Fundi huipasha moto ilainike, huivuta kwenye kona za bampa, kisha huipasha tena ili isirudie umbo lake la awali. Akiiruka hatua hiyo, kona zitabanduka. Na vumbi la Dodoma halina huruma: punje moja ikibaki chini, ni kipele.

Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huzidi kadiri unavyopanda. Stika ya boneti na paa, inayotazama jua, hupauka kabla ya ile ya milango. Ukitaka kufunika gari zima, kumbuka kadi ya gari inataja rangi yake.