HESHIMA KWA BIBI MELISSA BOWERMAN

Mwaka 2011 elimu ya lugha ilimpoteza Melissa Bowerman, bibi wa Kimarekani aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen, Uholanzi. Twaona inafaa wasomaji wetu waijue kazi yake.

Zamani wataalamu wengi walishika kwamba mtoto huielewa dunia kwanza, kisha huyapa majina mawazo aliyo nayo tayari. Na kwamba mawazo hayo ni mamoja kwa watoto wote. Bibi huyu hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1973 aliusoma usemi wa watoto wa Kifini. Mwaka 1991, pamoja na Soonja Choi, aliwalinganisha watoto wa Kiingereza na wa Kikorea. Mtoto wa Kiingereza hutenga kutia kitu ndani na kuweka kitu juu. Wa Kikorea hutazama kubana: kuvika pete kidoleni na kupachika kaseti katika kasha lake ni tendo moja, kkita, bali kutia tunda bakulini kuna neno jingine, maana tunda halikubanwa. Wote wawili huyajua hayo kabla ya kutimiza miaka miwili.

Je, ni yupi kati yao aliyepungukiwa akili? Hakuna. Kila mmoja amerithi kwa wazee wake namna ya kuigawa dunia. Basi apimaye akili za watoto wote kwa kipimo cha lugha moja ajidanganya. Marehemu alilionyesha jambo hilo kwa subira na kwa ushahidi, nasi twamheshimu.