Krismasi na Wazazi Wetu Wazee

Krismasi ikikaribia stesheni za mabasi hujaa watu. Huyu amebeba unga na sukari, yule leso ya mama. Leo napenda tuzungumze juu ya yule tunayemwendea nyumbani, mzazi aliyekwisha kuzeeka.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikimpigia mama simu kila Jumapili, naye kila mara alijibu kwamba hajambo. Nilipofika Desemba, nilimkuta akikata vidonge vyake vya presha nusu kwa kisu, ili vya mwezi mmoja vimtoshe miezi miwili. Hakutaka kutusumbua, maana alijua karo ya Januari yaja. Simu haikunionyesha kisu kile.

Basi ukifika, tumia macho. Nguo iliyomkaa vizuri mwaka jana ikiwa sasa yampwaya, uliza sababu. Huenda ni meno, huenda ni chakula, huenda ni ugonjwa. Fungueni mfuko wa dawa, mhesabu pamoja naye. Dawa za presha ni za kila siku, hata akijisikia mzima, na kuzipunguza bila daktari kwaweza kuleta kiharusi. Mwenye ugonjwa wa sukari asisukumiwe soda chupa baada ya chupa kwa kuwa ni sikukuu. Mpe maji mara kwa mara, kwani mtu akizeeka kiu hupungua ingawa mwili bado wahitaji maji.

Na akianza ghafula kuchanganya majina ya watoto, msiseme ni uzee tu. Uzee hauji kwa siku mbili. Mpelekeni hospitali, maana malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo au kupungukiwa na maji huweza kumfanya hivyo.

Tena kuna habari ya kitanda. Wageni wakiwa wengi, nyanya huhamishiwa mkekani pamoja na wajukuu, naye hukubali huku akicheka. Usiku huinuka kwenda choo gizani, akiruka miguu ya watoto. Akianguka, mfupa wa nyonga huvunjika upesi. Vijana ndio walale mkekani.

Uulize pia kama ameandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa Serikali ambao tangu 2018 unawahusu wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hazituondolei wajibu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 chasema mzee ana haki ya kutunzwa na jamaa yake pamoja na Serikali. Na katika Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, kumbe wanawanyima wazazi wao. Nikisoma hapo hufikiri juu ya michango yetu mikubwa ya kanisani.

Lakini ni nani aliyejua habari za vidonge vile? Ni mke wa ndugu yangu, anayekaa na mama. Alijua tangu Agosti. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza. Tulimsalimu tu, tukamkabidhi kuku tisa wa kuchinja. Hapo ndipo nilipoona haya. Huyo anayemwogesha mama mwaka mzima, sisi tulipokuja kupumzika tulimwongezea kazi. Ndugu, kama kwenu yuko mtu wa namna hiyo, keti naye kando kabla ya karamu, umsikilize. Kisha mpe nauli aende kwao, nanyi mliokuja mshike karai.

Mwaka ule shemeji alikwenda kwao siku tatu. Asubuhi ya kwanza nilimpelekea mama maji ya kuoga yenye moto mno. Akatia kidole, akanitazama, akaniagiza nilete ya baridi.