"She Has Slept": Vitenzi vya Kiingereza Njombe na Makambako

Muulize mtoto wa kidato cha kwanza Makambako, kwa Kiingereza, bibi yake yuko wapi. Kama bibi yuko kitandani, huenda ukajibiwa: "She has slept." Mwalimu ataweka mkwaju wa wino mwekundu na kuendelea na daftari linalofuata, na ana haki, maana Mwingereza hapo angesema "She is sleeping" au "She is asleep". Lakini hebu tulitazame kosa lenyewe kabla halijafutwa. Mtoto ameanza na "amelala". Alifundishwa kwamba palipo na -me- weka has. Anajua sleep hugeuka slept. Amepanga vipande vyote mahali pake, bila kubahatisha hata kimoja.

Kilichomwangusha ni kwamba -me- yetu ina kazi mbili. Katika "amefika" inasema tendo limekwisha. Katika "amelala", "amevaa", "amesimama" na "amechoka" inaeleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi, wakati unamtazama. Have ya Kiingereza inaiweza kazi ya kwanza, ya pili haiiwezi. Mwaka 1967 mtaalamu wa isimu wa Uingereza, Pit Corder, aliandika makala iliyobadili namna ya kuyatazama mambo kama haya. Hoja yake ilikuwa kwamba kosa la mwanafunzi ni ushahidi: linaonyesha sarufi aliyojijengea kichwani kufikia siku hiyo. Anayelifuta bila kulisoma anafuta na ushahidi.

Kwa msomaji wa makosa, Njombe ni mahali pa kukaa. Mkoa huu uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012 una Kibena katikati, Kikinga upande wa Makete, Kipangwa upande wa Ludewa. Ukishuka Makambako, pale barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapotoa tawi la Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapopita, Kiswahili ndicho kinachoendesha stendi, gereji na soko la viazi. Kwa hiyo Kiingereza kwa watoto wengi huingia kikiwa lugha ya tatu, na kwa sehemu kubwa huingia kupitia ubao. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu aliyeongoza tume iliyotaka kugeuka huko kuondolewe alikuwa wa hukuhuku: Jackson Makweta, mbunge wa Njombe Kaskazini kwa miaka mingi. Tume yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali haikukubali, na ndiyo maana bado tunazungumza habari za slept.

Tuanze na kile ambacho mtoto wa Kibena anakuja nacho. Lugha nyingi za Kibantu hazitosheki na "jambo limepita". Zinataka kujua limepita lini: leo hii, jana, au zamani. Kikuyu hufanya hivyo, Kiganda hufanya hivyo, na Kibena nacho kimo. Michelle Morrison, aliyeandika sarufi ya Kibena kuwa tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, mwaka 2011, anaeleza mfumo wa nyakati unaopima umbali wa tukio ndani ya kitenzi chenyewe. Bibi wa Wanging'ombe akisimulia shamba alilolima asubuhi na shamba alilolima enzi za ujana wake, kitenzi kinabadilika hata kabla hajataja siku. Kiswahili sanifu hakina upambanuzi huo. -Li- inatosha kwa asubuhi ya leo na kwa Vita vya Maji Maji.

Kiingereza nacho hakiulizi lini kwa namna hiyo. Kinauliza: jambo hili umeshalifungia katika muda uliokwisha, au bado linagusa sasa? "I sold the potatoes on Monday" limefungwa. "I have sold the potatoes" bado linagusa sasa: ghala ni tupu, usinitafute. Ndiyo sababu "I have sold them yesterday" humkera Mwingereza, ingawa Mtanzania mtaani husema "nimeviuza jana" na hakuna anayeshtuka.

Raia wa Ukraine, ambao mwaka 2024 walipata sheria inayokitambua Kiingereza kuwa mojawapo ya lugha zao za mawasiliano ya kimataifa, huliingia somo hilohilo kwa mlango mwingine. Vitenzi vya Kiukreni vingi huenda viwili viwili, kimoja cha tendo linaloendelea au kujirudia, kingine cha tendo lililofika mwisho wake. Kwa hiyo swali wanalotoka nalo nyumbani ni kama kazi ilikamilika. Mbena anatoka na swali la lini. Present perfect, yaani ile have sold, haiendani sawasawa na lolote kati ya hayo mawili, na wote huisumbukia.

Ila kuna mahali ambapo mtoto wa Makambako ana mtaji ambao mwenzake wa Kyiv hana. Past perfect, ile had left inayoogopwa kote duniani, Kiswahili kinayo kila siku: "Tulipofika njia panda, lori lilikuwa limeshaondoka." Had ni lilikuwa, left ni limeondoka, mpangilio ni uleule na maana ni ileile. Kiukreni kina umbo la namna hiyo lakini watu hulitumia kwa nadra. Huwa nashangaa kuona somo hili likiwekwa mwishoni kabisa kana kwamba ni mlima. Kwa mtu anayesema "nilikuwa nimekwenda" tangu utotoni, hili lilipaswa kuwa somo la kumpa moyo.

Upande wa pili wa mtaji huo ni deni. "Angekuja, ningemwambia" ina -nge- pande zote mbili, na matokeo yake ni "If he would come, I would tell him", badala ya "If he came".

Hapo ni rahisi kuhitimisha kwamba kila kosa limetoka nyumbani. Halijatoka. Chukua "He did not went". Kosa hili limo madaftarini Njombe, limo Ukraine, limo Uchina, na watoto wa Kiingereza wenyewe hupita humo wakiwa wadogo. Linatokana na umbile la Kiingereza, ambacho katika kukanusha hung'oa alama ya wakati kwenye kitenzi na kuipandikiza kwenye do. Mwanafunzi anaiweka did, halafu anasahau kuing'oa alama hiyo kwenye went. Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt waliwapima watoto wenye asili ya Kihispania na ya Kichina waliokuwa wakijifunza Kiingereza Marekani. Lugha za nyumbani zilikuwa mbalimbali kabisa, lakini mpangilio wa sehemu zipi hujulikana mapema na zipi huchelewa ulikaribia kufanana: -ing mapema, -s ya she goes nyuma sana. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba lugha ya kwanza ina mchango mkubwa kuliko walivyodhani, hasa kwenye vitu kama a na the. Hata hivyo ile -s inachelewa kwa karibu kila mtu, na kwetu ina sababu ya ziada. Kitenzi cha Kibantu hutangaza mtendaji mbele, ni-, u-, a-, na sikio letu limezoea kusikiliza mbele. Kiingereza kinaificha habari hiyo nyuma, katika konsonanti moja nyembamba. Vilevile -ed. Lugha ambazo silabi zake humalizikia kwenye irabu hazijalizoesha sikio kunasa ile t ya worked, na ikifuatwa na neno kama two ndiyo hupotea kabisa.

Halafu kuna vile vitenzi visivyofuata kanuni, ambavyo darasa zima hukariri kwa sauti moja: go, went, gone, take, took, taken. Kwa nini Kiingereza kimebaki navyo? Mwaka 2007 Erez Lieberman na wenzake wa Harvard walichapisha jibu katika jarida la Nature. Walikusanya vitenzi 177 vilivyokuwa vikaidi katika Kiingereza cha kale. Kufikia Kiingereza cha zama za kati 145 vilikuwa bado hivyo. Leo ni 98. Kilichoamua nani asalimike ni wingi wa matumizi. Kitenzi kinachotumiwa mara 100 pungufu ya kingine hulainika na kuchukua -ed kwa kasi mara 10 zaidi. Vitenzi 10 vinavyotumiwa sana kuliko vyote, vikiwemo be, have, do, go na say, vyote ni vikaidi.

Maana yake kwa Makambako ni nzito kuliko inavyoonekana. Ukaidi unatunzwa na masikio. Mtoto wa Leeds, Uingereza, husikia went na took kutwa nzima, na hata yeye hupitia kipindi cha kusema goed kabla ya kunyooka. Mtoto wa Makambako anavisikia ndani ya vipindi vya shule, na pengine kwenye filamu. Kukariri jedwali ni jaribio la kufidia maelfu ya mara ambazo hakuvisikia. Sioni sababu ya kulicheka.

Tatizo la jedwali ni kwamba linafundisha umbo na kuacha uamuzi. Mwanafunzi anaweza kuimba leave, left, left mpaka kengele ilie, halafu akasimama mbele ya sentensi asijue achukue lipi. Na mazoezi ya vitabuni huongeza ugonjwa: ukurasa mmoja wote wakati uliopita, unaofuata wote present perfect. Kichwa cha zoezi kimeshatoa jibu. Mtoto anapata kumi kwa kumi bila kuamua chochote.

Tatsuya Nakata na Yuichi Suzuki walilipima hili Japani na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Wanafunzi wa Kijapani walifanya mazoezi ya miundo mitano ya vitenzi vya Kiingereza. Kundi moja lilimaliza muundo mmoja kabla ya kuingia mwingine, jingine lilichanganyiwa. Waliochanganyiwa walikosea zaidi wakati wa mazoezi. Baada ya wiki moja waliwapita wenzao. Katika hesabu tofauti iliwahi kuwa kubwa zaidi: Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliona waliofanya maswali ya aina moja moja wakipata asilimia 89 mazoezini na 20 baada ya wiki, huku waliochanganyiwa wakipata 60 na kisha 63. Mwalimu anayepima mafanikio kwa alama za leo atachagua njia mbaya kila siku, na alama zitamuunga mkono.

Zoezi la kuchanganya halihitaji kitabu kipya. Kitenzi kimoja, leave, kinatosha ubao mzima:

"The lorry ____ at six every day."
"Run! The lorry ____."
"The lorry ____ at six, so we slept at the stand."
"When we reached the junction, the lorry ____ already."
"The lorry did not ____."

Leaves, is leaving, left, had left, leave. Hakuna sentensi inayofanana na jirani yake, na hakuna kichwa cha habari cha kukopea jibu. Angalia pia kwamba yesterday haimo. Mtafiti Bill VanPatten wa Marekani amesisitiza kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi akipata neno zima linalotaja wakati, huacha kusikiliza mwisho wa kitenzi. Yesterday inamtosha, -ed anaiona mzigo. Ukiiondoa yesterday, sikio linalazimika kurudi kwenye kitenzi. Kwa Mbena, ambaye lugha yake ya nyumbani humsomesha wakati ndani ya kitenzi, huo si ugeni.

Yaliyobaki ni ratiba. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma tena na tena walishinda mtihani uliofanywa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki walioshinda ni wale waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama maandishi. Kwa darasa lililojaa, lenye vitabu vichache, hiyo ni nafuu. Sentensi tano za lori zinaandikwa Jumatatu na kufutwa. Alhamisi zinarudi zikiwa zimeundwa upya kwa kitenzi kingine, sell kwa mfano, na madaftari yamefungwa. Wiki mbili baadaye zinachanganywa leave, sell na go. Baada ya likizo ya Juni zinaulizwa tena, dakika kumi za mwanzo wa kipindi, kabla mwalimu hajasahihisha chochote. Atakayeandika "He did not sold" ajiulize kwa sauti alama ya wakati imekaa wapi, na atakayeandika "She has slept" aulizwe kwanza, kwa Kiswahili, bibi yuko macho au la.